Nani Aliuua Mji wa Ungwana?

Dalili ya mvua ni mawingu, walisema wazee wetu, na katika maneno hayo machache mna msingi wa elimu nyingi. Mfugaji aliyepotelewa na ng'ombe katika mbuga za Garsen hutafuta unyayo kwanza, na ng'ombe baadaye. Huinama akatazama kama kingo za unyayo zimekauka au zingali na unyevu. Hutazama kama majani yaliyokanyagwa yamelala au yameanza kuinuka. Huigusa samadi ajue kama ina joto. Akisimama wima tena, amekwisha kujua mnyama alipita lini na alielekea wapi, ingawa hakumwona. Tabibu hufanya kazi iyo hiyo kando ya kitanda cha mgonjwa, na hakimu juu ya kiti chake. Na mwandishi wa historia, ambaye wengi humdhania kuwa mtu wa kukariri miaka na majina ya wafalme, kazi yake ndiyo hiyo pia: kulijua jambo asiloliona kwa jambo dogo alionalo.

Huenda umepata kukisoma kitabu cha Mzimu wa Watu wa Kale, kilichoandikwa na Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar na kuchapwa mwaka 1960. Humo ndimo Bwana Msa, mpelelezi mashuhuri wa hadithi za Kiswahili, alimoanza kujulikana. Maiti yaonekana mahali panapoogopwa, penye mzimu, na watu wako tayari kuamini kwamba mizimu imefanya kazi yake. Bwana Msa hafanyi haraka ya kukubali wala kukataa, atazama. Kabla yake alikuwapo Sherlock Holmes, aliyetokea vitabuni kwanza mwaka 1887. Na kabla ya Sherlock Holmes alikuwapo daktari wa kweli, Joseph Bell wa Edinburgh, aliyemfundisha Arthur Conan Doyle udaktari. Bell alikuwa na desturi ya kuitambua kazi ya mgonjwa kwa kuitazama mikono yake na mavazi yake, kabla mgonjwa hajafungua kinywa. Kwa hiyo upelelezi wa Sherlock Holmes ulizaliwa hospitalini. Elimu moja iliikopesha elimu nyingine macho.

Wala haitupasi kusafiri mpaka Uingereza kupata mfano. Karibu na mdomo wa mto Tana, katika nchi ya Ozi, Shaka na Kipini, husimuliwa habari za Fumo Liyongo, shujaa aliyefungwa gerezani. Inasemekana alimtumia mama yake ujumbe kwa wimbo, akimwomba amfanyie mkate mzuri na mkate wa wishwa, na ndani ya ule wa wishwa atie tupa ya kukatia minyororo. Askari walinzi wakaula mkate mzuri, wakaudharau ule wa wishwa, wakamwachia mfungwa, naye akajifungua. Askari wale walikuwa na masikio, na wimbo waliusikia. Walikuwa na mikono, na uzito wa mkate waliuhisi. Kilichowaponza ni dharau. Walidhani kwamba kitu duni hakiwezi kuficha jambo kubwa.

Lishike neno hilo, msomaji, kwa maana tutalihitaji njiani. Leo nakuomba ufuatane nami kama Najum alivyofuatana na Bwana Msa, tukaipeleleze habari ya maiti moja kubwa. Maiti hiyo ni mji.

Ukitoka Garsen, penye njia panda ya Malindi, Lamu na Garissa, ukafuata barabara ya Witu kisha ukashuka kuelekea baharini, utafika Kipini. Si mbali na hapo, ukingoni mwa ghuba, yako magofu ya Ungwana. Kuna mabaki ya ukuta, misikiti na makaburi, vyote vya mawe ya matumbawe na chokaa, na miti imepenya katikati ya mawe. Watu wengi waliishi hapa. Walisali, walioana, walifanya biashara na merikebu za mbali. Kisha wakaondoka. Hawakuacha kitabu cha kutueleza kwa nini. Basi nani aliuua mji wa Ungwana?

Mpelelezi wa kwanza kulishughulikia jambo hili kwa jembe na brashi alikuwa James Kirkman, yule yule aliyechimbua magofu ya Gedi tangu mwaka 1948. Alichimba Ungwana katika miaka ya 1950, na kitabu chake juu ya mji huo kikatoka mwaka 1966. Yafaa ujue jinsi mtu wa kazi hii anavyopata tarehe mahali pasipo na maandishi. Ardhi ya mji hukua kama chungu cha majivu ya jikoni: taka za leo huangukia juu ya taka za jana. Kwa hiyo tabaka la chini, kama halikuvurugwa, ni la zamani kuliko la juu. Na ndani ya tabaka hizo mna vigae, yaani vipande vya vyungu na sahani zilizovunjika. Wachina walibadilisha rangi na nakshi za kauri zao kizazi baada ya kizazi, na habari za mabadiliko hayo zajulikana. Ukikuta kigae cha namna fulani katika tabaka, wajua kwamba tabaka hilo halikufungwa kabla ya kauri ile kutengenezwa. Ni kama ukifukua shimo la takataka nyuma ya nyumba ukakuta chini kabisa sarafu ya mwaka 2005. Mtu akikuapia kwamba shimo lile lilifukiwa mwaka 1990, utajua kwamba asema uongo au amesahau.

Angalia basi: mwenye sahani ile alilia ilipovunjika, akaitupa, na kwa kuitupa akatuachia tarehe. Kigae ndicho mkate wa wishwa wa historia.

Sasa tuwaite watuhumiwa mmoja mmoja.

Wa kwanza ni Mreno. Mwanzoni mwa karne ya 16 meli za Tristão da Cunha zilipita pwani hii zikitii watu kwa mizinga, na mji ambao Wareno waliuandika kwa jina la Hoja, ambao wataalamu wengi huuona kuwa ndio Ungwana, ulishambuliwa na kutiwa moto. Mtuhumiwa huyu hana hata haja ya kuteswa ili aseme, kwa sababu wandishi wake mwenyewe waliliandika tendo hilo kwa kujisifu. Je, tumekwisha kumpata muuaji? Bwana Msa angesema tungoje. Vigae vyaonyesha kwamba watu waliendelea kuishi Ungwana kwa muda wa karne nzima baada ya moto ule, wakijenga na kununua kauri mpya. Mreno alijeruhi, hakuua. Aliyeungama kosa moja hastahili kubebeshwa na jingine.

Wa pili ni Mworomo. Katika karne ya 16 na ya 17 Waoromo walisambaa kutoka nchi ambayo leo ni kusini ya Ethiopia, wakaja mpaka pwani hii na mifugo yao. Vitabu vya kale vyawaita kwa jina la Wagalla, jina wasilojiita wenyewe na ambalo leo ni tusi. Miji kadha ya bara, Gedi pamoja nayo, iliachwa karibu na wakati huo huo. Kirkman na wenziwe waliziunganisha habari hizi mbili, nao hawakukosa sababu. Mtuhumiwa alikuwapo mahali pa kosa, na saa yake yapatana na saa ya kifo.

Hapa nitakuungamia jambo langu. Nilipokuwa mwalimu kijana, mgeni katika shule moja ya bonde hili, niliwaeleza wanafunzi wangu kesi hii kama nilivyokueleza wewe, kisha nikauliza kwa furaha ya mwalimu anayependa mafumbo, "Basi, nani aliuua mji?" Mvulana mmoja hakungoja kuruhusiwa. Aliinyosha mkono kuelekea dawati la pembeni, walikokaa watoto wa Kiorma, akasema, "Hawa, mwalimu." Darasa likanyamaza. Msichana aliyeonyeshwa kidole aliinamisha uso akaanza kukifuta kitabu chake ambacho hakikuwa na vumbi.

Waorma ni wazao wa Waoromo wale. Wapokomo, wakulima na wavuvi wa kingo za Tana, ni jirani zao. Kati ya Agosti 2012 na Januari 2013 vijiji vya delta ya Tana viliingiwa na mapigano baina ya jamaa hizi mbili, kwa ajili ya ardhi, maji na malisho, na zaidi ya watu 100 waliuawa, wanawake na watoto miongoni mwao. Yule mvulana hakuwa akizungumza habari za karne ya 17. Alikuwa akizungumza habari za nyumba yao. Nami nilimpa fimbo mkononi nikidhani nimempa chaki.

Usiku ule niliyapitia maandalio yangu upya, nikaona kosa. Je, wewe umeliona? Mashahidi waliomshitaki Mworomo ni akina nani? Ni Wareno walioandika, na watu wa miji waliosimulia. Wote walikuwa upande mmoja wa ukuta. Nilimhukumu mtu ambaye shahidi wake hakuitwa barazani. Mpelelezi anayeianza kazi akiwa na jibu mfukoni haoni dalili; huona jibu lake tu kila anapotazama. Basi tukairudia kesi wiki iliyofuata, na safari hii tukaanza pale ambapo mpelelezi mwema huanzia: kumjua marehemu. Ungwana ulikuwa mji wa nani?

Kwa muda mrefu vitabu vilijibu upesi. Magofu haya ni ya mawe, yana misikiti, na kauri zake zatoka Uajemi na China. Kwa hiyo wajenzi walikuwa wageni kutoka ng'ambo, na wenyeji walikuwa watumishi wao. Jibu hili lilitoka katika kutazama vitu vya fahari: mihrabu, nakshi, kauri. Vyungu vya udongo vya kupikia vilihesabiwa kuwa takataka. Lakini fikiri: sahani ya kauri huweza kununuliwa na yeyote mwenye fedha, chungu cha kupikia hufinyangwa na mama mwenye nyumba, kama alivyofundishwa na mama yake. Sahani yaeleza habari za biashara, na chungu chaeleza habari za watu.

Kati ya mwaka 1980 na 1988 Mark Horton alichimba Shanga, katika kisiwa cha Pate. Chini ya msikiti wa Ijumaa wa mawe alikuta msikiti mwingine wa kale zaidi, na chini yake mwingine, mpaka akafika kwenye matundu ya nguzo za msikiti mdogo wa miti na udongo wa karne ya 8. Na vyungu vya tabaka hizo za chini vilikuwa vya namna ile ile inayopatikana pwani yote hadi Komoro, na vilevile katika nchi ya ndani: vyungu vilivyochorwa shingoni mistari ya pembetatu, vya kati ya karne ya 7 na ya 10. Wataalamu waliipa namna hiyo jina la mto wetu, wakaiita vyungu vya Tana. Mwanaakiolojia Mkenya, George Abungu, naye akaufuata mto wenyewe, akichunguza jinsi watu wa delta na watu wa bonde walivyohusiana tangu mwaka 700 hadi 1890. Kazi yake ikaonyesha kwamba Ungwana pia ulikuwa na watu mapema kuliko Kirkman alivyokadiria. Mji haukushuka kutoka merikebuni ukiwa mzima. Ulikua pale pale, kutoka kijiji cha miti na udongo hadi mji wa mawe.

Shahidi wa pili juu ya marehemu ni ulimi wako mwenyewe. Sema "macho". Mtu wa Lamu husema "mato". Mgiriama husema "matso", na mtu wa Ngazija, katikati ya bahari, husema "matso" pia. Sema "kukaa", Mgiriama husema "kukala". Sema "njia"; yeye husema "njira". Tofauti hizi si ovyo. Mahali ambapo Mgiriama ametunza sauti, Mswahili ameidondosha, na jambo hilo hujirudia katika maneno mengi kwa utaratibu, kama nyayo za mnyama mmoja zinazofuatana. Derek Nurse na Thomas Hinnebusch walizifuata nyayo hizo, na katika kitabu chao cha mwaka 1993 walionyesha kwamba Kiswahili, Kimijikenda, Kipokomo, Kikomoro na lugha ya Waelwana wa Tana ya juu ni watoto wa mama mmoja, wakaliita kundi hilo Sabaki, kwa jina la mto jirani. Maneno ya Kiarabu yamo kwa wingi katika Kiswahili, lakini yaliingia katika nyumba iliyokwisha kujengwa. Hesabu mwenyewe: moja, mbili, tatu, nne, tano ni za Kibantu, sita na saba zimekopwa kwa Waarabu, nane ni ya Kibantu tena, tisa imekopwa. Mkopo waonekana kama kiraka katika kanzu, na kiraka hakikushona kanzu.

Baada ya ushahidi huo wengine walikwenda upande wa pili kwa kasi ile ile. Wakasema kwamba hadithi za wazee wa pwani juu ya mababu waliotoka Shirazi, katika Uajemi, zilikuwa majivuno matupu. Hapo mpelelezi akafanya tena kosa lile la kumfukuza shahidi kwa sababu hampendi. Mwaka 2023 ulitangazwa uchunguzi wa vinasaba, yaani zile alama za urithi zilizomo mwilini, kutoka katika mifupa ya watu 80 waliozikwa hasa katika miji ya kale ya pwani ya Kenya na Tanzania kati ya mwaka 1250 na 1800. Wengi wao walikuwa na wazazi wa kale wa pande mbili: upande wa Afrika, uliotoka hasa kwa wanawake, na upande wa Asia, hasa Uajemi, uliotoka hasa kwa wanaume, na mchanganyiko huo ulianza yapata mwaka 1000. Mzee aliyechekwa alikuwa ameshika nusu ya kweli, na mtaalamu aliyemcheka alikuwa ameshika nusu nyingine. Vyungu na lugha vilitoka kwa akina mama. Hadithi ya Shirazi ilitoka kwa akina baba.

Sasa twamjua marehemu: alikuwa mtoto wa pwani hii na wa mto huu, mwenye jamaa bara na marafiki ng'ambo. Turudi kwa mtuhumiwa wetu wa pili, tumwitie shahidi aliyekosa kuitwa.

Shahidi huyo ni lugha ya wale Waelwana niliowataja. Ni Wabantu, ndugu wa Wapokomo, na wanakaa kando ya Tana kuelekea Garissa. Nurse alipoichunguza lugha yao, katika kitabu cha mwaka 2000, aliikuta imejaa mambo ya Kiorma: maneno mengi mno, na hata mambo ya sarufi. Pima dalili hiyo kwa akili yako. Mtu aweza kuokota neno moja kwa mgeni apitaye. Sarufi haiokotwi hivyo. Hupatikana kwa kukaa pamoja, kuoana, kuchunga pamoja, watoto kucheza pamoja, kizazi baada ya kizazi. Sikuambii kwamba ujirani huo ulikuwa wa usawa siku zote, kwa maana mnyonge naye hujifunza lugha ya mwenye nguvu. Lakini nakuambia kwamba habari za Waorma na watu wa Tana si habari za mkuki peke yake. Mkuki huandikwa kwa sababu unaogofya. Maziwa yaliyobadilishwa kwa mahindi hayana mwandishi. Ni mkate wa wishwa mara nyingine.

Na mtuhumiwa wa tatu ni nchi yenyewe. Tana ni mto mrefu kuliko yote ya Kenya, wa kilomita kama 1,000 kutoka milima ya kati hadi bahari, na mto wa namna hiyo hautulii kitandani mwake. Mashahidi wake hawasemi, lakini wako. Juu ya Garsen, katika vipande vya msitu vya kando ya mto, wanaishi mbega wekundu wa Tana na kima waitwao mangabei, na hifadhi yao ilianzishwa mwaka 1976. Wanyama hawa ni watu wa msituni. Jamaa zao wako Udzungwa katika Tanzania, na wengine mbali zaidi, katika misitu ya Kongo. Walifikaje hapa, nao hawawezi kuvuka mbuga kavu? Jibu ni kwamba zamani za mvua nyingi misitu ilikaribiana. Kisha nchi ikakauka, na kima wakabaki kando ya Tana kama maji yanayobaki dimbwini baada ya mafuriko.

Ni ushahidi mzuri, na wa kweli. Je, tuutumie katika kesi yetu? La. Ukame ule ulikuwa maelfu ya miaka kabla ya Ungwana. Jifunze hapa jambo ambalo wapelelezi wengi hulikosa: shahidi aweza kuwa mkweli kabisa, na asiwe shahidi wa kesi hii.

Ushahidi wa karibu zaidi nilipewa na mzee mmoja mkulima wa mpunga. Nilimwambia kwamba Tana humwaga maji yake Kipini, kama ramani ya darasani ionyeshavyo. Akanitazama kwa huruma. "Mwalimu," akasema, "mto huu ulionyeshwa njia hiyo kwa jembe." Nilirudi nikatafuta ramani za karne ya 19, nikaona kweli: Tana ina mdomo wake upande wa kusini, na Ozi, mto mfupi, ndio unaofika Kipini. Katika karne hiyo watu wa upande wa Witu walichimba mfereji mwembamba, uitwao Belezoni, kuunganisha Tana na Ozi ili mitumbwi ipite. Mafuriko yakaingia mferejini yakaupanua, na mto mkubwa ukahamia nyumba ya mto mdogo. Mzee alisema kweli, na ramani yangu mpya ilisema kweli pia, lakini kweli ya leo. Anayezitafuta bandari na visima vya karne ya 17 kwa ramani ya leo ni kama mtu anayemtafuta rafiki katika nyumba aliyokwisha kuihama. Mto uliohama mbele ya macho ya babu zetu ulihama na kabla yao. Na mji wa watu wengi unaishi kwa maji matamu, kwa mashamba, na kwa njia ya mitumbwi ya kwenda bara.

Basi hukumu ni ipi? Tulipoimaliza kesi darasani niliwaachia wanafunzi waiandike wenyewe. Walikubaliana kwamba Mreno alijeruhi. Kwamba vita vya karne ya 17, ambavyo Waoromo walikuwamo, viliifunga njia ya bara. Kwamba mji uliofungiwa bara, na biashara yake ikiwa imevurugwa na Wareno, hudhoofika kama mti uliokatwa mizizi pande zote. Na kwamba watu wa Ungwana hawakufa wote, bali waliondoka wakaenda kukaa na wengine. Damu yao imo katika watu wa mahali pengi leo. Mauaji ya mji mara chache huwa na mkono mmoja.

Yule mvulana aliandika hukumu ndefu, yenye makosa ya tahajia. Mwishoni aliongeza swali ambalo sikuliuliza: kama watu wa Ungwana walikimbilia pia juu ya mto, je, haiwezekani kwamba baadhi yao wakawa babu zake, na wengine babu za wale wa dawati la pembeni? Nililipigia mstari kwa wino mwekundu, si kwa kosa. Kisha nikamwomba alisome mbele ya darasa, akalisoma, na safari hii hakumwonyesha mtu kidole.

Nawe, msomaji, siku moja utaambiwa kwa uhakika mkubwa nani alitangulia mahali fulani, nani ni mwenyeji na nani ni mgeni, nani alimfukuza nani. Maneno hayo yamewahi kuua watu katika bonde hili, nayo hupambwa kwa jina la historia. Usibishe kwa hasira wala usikubali kwa uvivu. Uliza maswali ya Bwana Msa: nani alisema, naye alisimama upande gani wa ukuta? Shahidi gani hakuitwa? Dalili hii ni ya kesi hii, au ni ya nyingine? Kisha tazama chini ya miguu yako. Kingo za Tana zikimomonyoka baada ya mafuriko, huonekana vigae vya vyungu vilivyochorwa mistari. Ukikiona kimoja, usikipige teke, wala usikichukue. Kitoe habari kwa mwalimu wako, ili watu wa makumbusho wakikute mahali pake. Kigae kilichotolewa mahali pake ni shahidi aliyekatwa ulimi. Kikiachwa kwenye tabaka lake, kitatuambia mama gani alipika pale, na kwa desturi ya nani.